Usukani Unapokuwa Mzito: Kulitunza Gari la Zamani katika Mitaa ya Eastlands



Wiki hii safu yetu imeelekea bara, katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, ambako wengi wetu tuna jamaa. Wako waliozaliwa Pumwani Majengo, wako waliohamia Eastleigh kwa biashara, na wako waliopata makazi Buruburu, Umoja, Donholm, Komarock na Kayole. Katika nyumba nyingi za huko gari si pambo la mwenye mali, bali ni chombo cha kazi. Asubuhi hupeleka watoto shule, mchana hubeba mzigo kutoka Gikomba, jioni huwachukua watoto madrasa, na usiku wa dharura hugeuka kuwa ambulensi ya mtaa mzima.

Aghalabu gari hilo ni kongwe. Kenya hairuhusu gari lililotumika ng'ambo kuingizwa nchini likiwa limepitisha miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Lakini likishaingia, huweza kuishi na familia miaka mingine 10, 15, hata 20, likihama kutoka kwa baba kwenda kwa mama, na kutoka kwa mama kwenda kwa mwana.

Mama mmoja wa Umoja, mjane mwenye watoto wanne, ametuuliza juu ya gari la namna hiyo. Ni Toyota Corolla iliyoundwa mwaka 1998, aliyoachiwa na marehemu mumewe. Usukani umekuwa mzito, na akiukata sana husikia mvumo kutoka upande wa injini. Gereji moja imemwambia kuwa hapana budi abadilishe pampu na raki yote ya usukani, na gharama aliyotajiwa yakaribia karo ya muhula mzima ya watoto wawili. Mashemeji wanamshauri auze gari. Yeye asema gari hilo ndilo mkono wake wa kulia, kwani hulitumia kupeleka chakula cha oda kwenye maharusi na hafla. Atengeneze au auze?

Jawabu letu la awali ni kwamba asifanye hili wala lile kabla ya kuyajua maradhi. Tabibu mwema hakati mguu kwa sababu ya mwiba. Na kwa kuwa swali hili ni la wengi, tutalieleza kwa urefu, ili kila mama na kila binti anayeshika usukani awe na elimu ya kumtosha mbele ya fundi.

Usukani huo hufanyaje kazi?

Zamani dereva aligeuza magurudumu kwa nguvu za mikono yake tu. Mwaka 1926 mhandisi wa Marekani, Francis Davis, alionyesha gari ambalo usukani wake ulisaidiwa na msukumo wa oili. Ilipita robo ya karne kabla ya kampuni ya Chrysler kuuza gari la abiria lenye mfumo wa aina hiyo, mwaka 1951. Mfumo huo, ambao mafundi wetu huuita pawa stiringi, ndio uliomo katika magari mengi ya zamani yanayopita leo Jogoo Road na Outer Ring Road.

Mpango wake si mgumu kuuelewa. Injini huzungusha mkanda, na mkanda huzungusha pampu. Pampu huvuta oili kutoka katika kikopo kidogo kilicho chini ya boneti, kisha huisukuma kwa nguvu kupitia mpira mnene hadi kwenye raki, yaani chuma kirefu kilicholala baina ya magurudumu mawili ya mbele. Dereva anapogeuza usukani, vali iliyo kwenye raki hufungua njia ya kulia au ya kushoto, na oili husaidia kusukuma chuma hicho upande anaoutaka. Ikishamaliza kazi, oili hurudi kikoponi kupitia mpira mwingine mwembamba, na safari huanza upya.

Nguvu ya oili hiyo si ndogo. Usukani unapokatwa hadi mwisho, msukumo ndani ya mpira ule mnene waweza kupita pauni 1,000 kwa kila inchi ya mraba, ilhali tairi la gari dogo huwa na pauni 30 na kidogo tu. Kwa hiyo mpira huo hauzibwi kwa kipande cha tyubu ya baiskeli na waya. Anayefanya hivyo anamtengenezea mwenye gari ajali, hajamtengenezea gari.

Kwa nini mitaa ya Eastlands huuchosha usukani?

Kuna maisha ya gari ambayo usukani huyapenda, nayo ni barabara ndefu iliyonyooka. Maisha ya Eastlands ni kinyume chake. Nyua za Buruburu na vichochoro vya Umoja vilipangwa wakati magari yalikuwa machache. Leo kila mwenye gari hulazimika kuliingiza na kulitoa katika nafasi finyu, akikata usukani kulia na kushoto huku gari limesimama. Hakuna kazi nzito kwa pampu kama hiyo. Ongeza matuta, mashimo, vumbi la kiangazi, na maji ya barabarani katika masika ya Machi hadi Mei, na utaona kwa nini mipira hupasuka na mifuko ya raki huchanika mapema.

Dawa ya kwanza basi haiuzwi dukani. Ni adabu ya kuendesha. Gari lisogee japo kidogo kabla ya kuukata usukani. Ukifika mwisho wa mkato, urudishe nyuma kidogo. Usiung'ang'anie pale mwisho kwa zaidi ya sekunde 5 hivi, kwani hapo oili huchemka na pampu huumia. Na unapoegesha, nyoosha magurudumu kabla ya kuzima injini, ili asubuhi usianze kazi kwa kulazimisha usukani katika gari baridi.

Anza na yasiyo na gharama

Usukani mzito si lazima uwe ni ugonjwa wa pampu. Kabla ya kufungua boneti, tazama upepo wa matairi ya mbele. Tairi lililopungua upepo hukumbatia barabara, na dereva hudhani usukani umeharibika. Kipimo kinachofaa huandikwa kwenye kibandiko kilicho katika fremu ya mlango wa dereva. Tazama pia kama matairi yaliyofungwa ni mapana kuliko yale ya asili. Ikiwa gari lavuta upande mmoja, huenda magurudumu yanahitaji kunyooshwa kwa mashine.

Kisha tofautisha uzito na ulegevu. Usukani mzito ni mashaka. Usukani uliolegea, unaozunguka kidogo kabla magurudumu hayajaitika, au unaogonga kila uvukapo tuta, ni hatari. Ulegevu hautokani na oili. Hutokana na viungo vya chuma, yaani tairodi na boljointi, vilivyolika. Gari la namna hiyo lisiendeshwe na familia ndani yake mpaka fundi aliinue kwa jeki, alitegemeze kwa vigingi imara, na kulitikisa gurudumu kwa mikono miwili ili kiungo kilichokufa kijulikane.

Oili: rangi yake, kiasi chake, aina yake

Fungua boneti ukitafuta kikopo chenye kifuniko kilichochorwa alama ya usukani. Usipokiona, huenda gari lako ni la usukani wa umeme. Suzuki ndiyo iliyotangulia kuuza gari la aina hiyo, mwaka 1988, na magari mengi madogo ya miaka ya karibuni hayana pampu wala oili ya usukani. Haya yakipata hitilafu huwasha taa kwenye dashibodi, na tiba yao ni fundi wa umeme, akianza na betri na nyaya.

Ukikiona kikopo, tazama alama mbili zilizomo: moja ya oili ikiwa baridi, nyingine ikiwa moto. Gari likiwa limelala usiku kucha, soma alama ya baridi. Oili iwe baina ya mistari, si chini wala juu. Ikiwa imepungua, fahamu jambo moja: oili ya usukani hailiki kama ya injini. Ikipungua, imevuja mahali. Kuongeza tu kila wiki bila kutafuta panapovuja ni kama kujaza mtungi uliotoboka.

Rangi nayo husema. Katika magari mengi ya Toyota na Nissan ya zamani, oili ni nyekundu na hupitisha mwanga. Ikiwa imekuwa ya kahawia iliyokoza na yanukia kuungua, imechoka. Ikiwa ina povu, hewa imeingia ndani, na huo ndio mara nyingi mvumo unaosikika usukani unapokatwa. Mlio mdogo wa kufoka pale mwisho kabisa wa mkato ni wa kawaida na haufai kumtia mtu hofu. Mvumo unaoendelea njia nzima ndio wa kushughulikiwa.

Ama kuhusu aina, hapa ndipo wengi huangamia. Soma kifuniko cha kikopo au kitabu cha gari. Toyota nyingi za miaka ya tisini hutumia oili ile ya giaboksi ya otomatiki iitwayo Dexron. Honda huhitaji oili yake maalumu, na kutiliwa Dexron huharibu sili zake. Baadhi ya magari ya Ulaya hutumia oili ya kijani ambayo haichanganywi na nyekundu. Na oili ya breki isitiwe humo hata tone moja, kwani hufura sili zote na kumlazimisha mwenye gari kununua mfumo mzima.

Mafundi wengi hushauri oili hiyo ibadilishwe kila baada ya kilomita 80,000 hivi, na kwa gari la mjini lenye kazi nyingi hakuna ubaya kuiwahisha. Ipo njia nyepesi iwezayo kufanywa nyumbani. Injini ikiwa imezimwa, nyonya oili ya kikopo kwa bomba la sindano lililo safi, kisha jaza mpya hadi alama. Endesha gari siku mbili tatu, kisha rudia, mara tatu au nne, mpaka rangi itakate. Haitoi oili yote ya zamani kwa mara moja, lakini haigharimu ila chupa mbili za oili na subira.

Oili iliyotolewa isimwagwe mtaroni. Mitaro ya Pumwani na Gikomba huishia katika Mto Nairobi, nao huingia Mto Athi, ambao ukipita Tsavo huitwa Galana, na ukifika kwetu Pwani huitwa Sabaki, ukamwaga maji yake baharini karibu na Malindi. Takataka ya Eastlands basi huteremka hadi kwenye samaki wetu. Itiwe katika chupa yenye kifuniko na ipelekwe kwa gereji inayokusanya oili chafu.

Kutafuta panapovuja

Usiku, tandaza katoni safi au gazeti kuukuu chini ya sehemu ya mbele ya gari, na asubuhi usome habari zake. Tone jekundu na laini ni la usukani, au la giaboksi ya otomatiki ikiwa limeanguka chini ya giaboksi. Tone jeusi au la kahawia aghalabu ni la injini. Maji ya rangi yasiyoteleza kama mafuta ni ya rejeta.

Kisha omba fundi akuonyeshe sehemu nne. Ya kwanza ni maungio ya mpira mnene, pale mpira unapokutana na chuma. Hapa ndipo magari mengi ya zamani huanzia kuvuja. Ya pili ni mpira wa kurudi, ambao mara nyingine hudai klipu mpya tu. Ya tatu ni mhimili wa pampu, nyuma ya puli. Ya nne ni mifuko miwili ya mpira iliyo kwenye ncha za raki. Ikiminywa ikatoa oili, sili za raki zimekufa. Kila mojawapo ina bei yake, na tofauti baina ya klipu na raki ni tofauti baina ya nauli ya matatu na kodi ya nyumba.

Mkanda nao usisahauliwe. Ukiwa na nyufa, au umekuwa laini na kung'aa kama ngozi iliyopigwa rangi, au unalia kwa sauti kali asubuhi yenye umande, wataka kukazwa au kubadilishwa. Katika baadhi ya magari mkanda huohuo huzungusha jenereta na pampu ya maji. Ukikatika, taa ya betri huwaka, usukani huwa mzito, na injini huanza kuchemka, yote kwa wakati mmoja. Anayeziona dalili hizo asimame mara moja.

Tusidharau uvujaji kwa sababu ni mdogo. Oili hii hushika moto ikidondokea ekzosi iliyo moto sana. Na pampu inayozunguka bila oili hujisaga yenyewe, ikapeleka chembe za chuma hadi kwenye raki. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mbele ya fundi

Eastlands haina upungufu wa mafundi. Kuna gereji kando ya barabara kila mtaa, kuna Kariobangi Light Industries, na kuna Kirinyaga Road, ambayo wazee wangali wakiiita Grogan, yenye maduka ya spea mpya na zilizotumika kutoka Japani. Wengi wao ni watu waaminifu na hodari. Lakini mwanamke aingiapo gereji peke yake mara nyingine hukadiriwa kwa vazi lake wala si kwa ugonjwa wa gari lake. Silaha yake ni maswali machache, yaulizwe kwa upole: "Fundi, nionyeshe kwa macho panapovuja. Je, kiungo hiki pekee chaweza kubadilishwa? Bei ya spea ni ngapi, na ya kazi ni ngapi?"

Na ajue kuwa sheria i upande wake. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu nzima inayohusu ukarabati wa magari, nayo yamtaka mwenye gereji atoe makadirio ya gharama, wala asitoze kazi ambayo mteja hakuiidhinisha. Basi makadirio yaandikwe, hata kama ni kwenye karatasi ya daftari la mtoto. Kiungo kilichotolewa kirudishwe mkononi mwa mwenye gari. Akinunua spea iliyotumika, aende na kile cha zamani pamoja na namba ya chesi, na apatane na muuzaji kwa maandishi ni siku ngapi anaweza kukirudisha kisipofaa.

Baada ya mpira, pampu au raki kubadilishwa, hewa lazima itolewe. Fundi huinua magurudumu ya mbele, na injini ikiwa imezimwa hugeuza usukani kutoka mwisho hadi mwisho mara nyingi, polepole, huku akiongeza oili mpaka povu likome. Fundi arukaye hatua hii huondoka na fedha, akaacha mvumo.

Usukani ukifa safarini

Jambo hili kila dereva alihifadhi. Msaada wa oili ukikatika, usukani haukatiki. Chuma kingali kimeungana na magurudumu, ila kazi yote imerudi mikononi mwako. Shika kwa mikono miwili, ondoa mguu kwenye mafuta, toa ishara, na uelekee kando taratibu. Ikiwa injini yenyewe imezimika, breki nayo itakuwa ngumu baada ya kukanyagwa mara chache. Ikanyage kwa nguvu na kwa mfululizo, usiipampu. Na usichomoe ufunguo gari likiwa linakwenda, kwani usukani waweza kujifunga kabisa.

Kwa wale wanaoteremka kuja Pwani wakati wa Idi, safari ya kilomita 480 hivi, wakague oili, mkanda na mipira wiki moja kabla, si asubuhi ya safari.

Kwa mama wa Umoja

Mama, mvumo na uzito kwa pamoja mara nyingi huashiria oili pungufu na hewa iliyoingia. Anza na upepo wa matairi, kisha kikopo, kisha katoni ya usiku. Mwambie fundi wa pili, asiyejua kauli ya wa kwanza, aminye mifuko ya raki mbele yako. Ikiwa mikavu, raki haina sababu ya kutolewa. Huenda ni mpira na oili tu, na pampu ikapona. Ikiwa imelowa, uliza bei ya kubadilisha sili na ya raki iliyotumika, kisha pima bei hiyo kwa kile ambacho gari linakuletea kwa miezi mitatu. Likiwa linajilipa, litengeneze. Likiwa injini nayo yachoka na bodi imeliwa na kutu, liuze, na umweleze mnunuzi kasoro yake. Na uamuzi uwe wako, kwani hesabu ya riziki hiyo waijua wewe.

Ratiba ya kubandika jikoni

Kila wiki: upepo wa matairi. Kila mwezi: kiasi na rangi ya oili ya usukani, na katoni chini ya gari usiku mmoja. Kabla ya masika na kabla ya vuli: mkanda, mipira na mifuko ya raki. Kila mwaka: viungo vya magurudumu na kunyoosha magurudumu. Kila mfuniko ukifunguliwa, ukumbukwe kufungwa.

Wiki ijayo, inshallah, tutazungumzia breki. Wassalaam.